Nani Anamfuata Mtoto? Ushauri kwa Pemba kuhusu watoto wachanga wenye tatizo la kusikia

Pemba inajua kuwafuata watoto wachanga. Utafiti wa dawa ya klorheksidini ya kupaka kitovu, ulioanza mwaka 2011 na kuihusisha Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyopo Wawi, Chake Chake, uliandikisha watoto zaidi ya 36,000 na kuwatembelea majumbani katika mwezi wao wa kwanza, waliozaliwa hospitali na waliozaliwa nyumbani kwa pamoja. Kabla ya huo, mwanzoni mwa miaka ya 2000, watoto zaidi ya 24,000 wa kisiwa hiki walifuatwa katika utafiti wa madini ya chuma. Matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2006, dunia nzima ilianza kuwa na hadhari katika kuwapa watoto madini hayo kwenye maeneo ya malaria. Naanza na hayo kwa sababu kila mazungumzo kuhusu watoto wachanga wasiosikia vizuri huanza na mashine ambayo hatuna na bingwa ambaye hayupo, kisha huishia kwenye umaskini wetu. Umaskini upo, na bingwa ni adimu kweli. Hata hivyo, watoto wengi hupotea kabla ya kufika kwa bingwa au kwenye mashine. Hupotea katikati, mahali ambapo idara moja imemaliza kazi yake na nyingine haijaanza, na pengo hilo linazibika kwa makubaliano kabla halijahitaji fedha nyingi.

Kwanza tuelewane kwa nini haraka inahitajika. Makadirio yanayotumika duniani ni kwamba mtoto 1 hadi 3 katika kila 1,000 huzaliwa na upungufu mkubwa wa usikivu, na Afrika kiwango huwa juu zaidi, kwa kuwa mambo yanayoharibu masikio ya mtoto mchanga ni mengi huku kuliko kwingine: rubela kwa mama mjamzito, kukosa pumzi wakati wa kuzaliwa, manjano kali, maambukizi ya siku za mwanzo, homa ya uti wa mgongo. Uziwi huu hauumi. Mtoto ananyonya, anacheka, ananenepa, na miezi inapita. Ubongo wake lakini haungoji. Mwaka 1998, Christine Yoshinaga-Itano na wenzake wa Colorado, Marekani, waliwalinganisha watoto waliogunduliwa uziwi kabla ya kutimiza miezi 6 na waliogunduliwa baadaye. Wale wa mwanzo walikuwa mbele kwa lugha, na tofauti hiyo ilionekana kwa watoto wa kike na wa kiume, wa familia zenye nacho na zisizo nacho, na kwa waliotumia lugha ya alama na waliotumia sauti. Tukumbuke hilo la mwisho, nitalirudia. Kutokana na ushahidi wa aina hii wataalamu waliweka utaratibu unaojulikana kwa tarakimu tatu, 1-3-6: mtoto apimwe kabla ya kutimiza mwezi 1, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi 3, na msaada uanze kabla ya miezi 6.

Sasa tazama yaliyowapata Wamarekani wenyewe, wenye mashine katika karibu kila wodi ya wazazi. Takwimu za mwaka 2005 zilionesha kuwa zaidi ya nusu ya watoto ambao kipimo cha kwanza kiliwatilia shaka hawakuwa na kumbukumbu yoyote ya uchunguzi uliofuata. Hakuna aliyejua walikoishia. Kufikia 2016 idadi hiyo ilishuka hadi karibu robo. Mashine zilikuwepo tangu mwanzo, kwa hiyo sifa haiwezi kuwa yake. Katika majimbo manane, wauguzi, madaktari wa watoto, wapimaji wa usikivu, maofisa wa afya na wazazi wa watoto viziwi waliketi meza moja, wakajaribu mabadiliko madogo, wakapima matokeo na kuambiana yaliyofaa na yasiyofaa. Yaliyofaa yanaweza kumfanya mtu acheke kwa udogo wake. Muuguzi apewe maneno ya kumwambia mama, asiyabuni mwenyewe. Ichukuliwe namba ya simu ya mtu wa pili mbali na ya mama. Tarehe ya kurudi iandikwe kabla mama hajatoka wodini. Ijulikane mapema ni daktari au kituo gani kitamhudumia mtoto, na kituo hicho kipelekewe majibu. Kati ya hayo hakuna linalohitaji umeme, sembuse mashine.

Mimi sishauri Pemba iige Marekani. Utaratibu wa 1-3-6 wenyewe, ukiuchukua kama ulivyo, unagonga ukuta wa maisha yetu tangu tarakimu ya kwanza. Mama aliyejifungua salama hospitali huruhusiwa mara nyingi ndani ya siku moja, na masikio ya mtoto wa saa chache bado yana majimaji na utando wa uzazi, kwa hiyo kipimo kinawatilia shaka wengi wasio na tatizo. Wapo pia akina mama wengi wanaojifungulia nyumbani, Pemba zaidi kuliko Unguja. Juu ya hayo kuna arobaini. Mzazi wa Pemba aliye katika arobaini yake hatolewi nje kwa jambo ambalo halionekani kuwa ugonjwa, na kumpangia tarehe ya wiki ya tatu, halafu kumwita mzembe asipokuja, ni kupanga huduma kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Kalenda yetu lakini ina bahati moja ambayo sioni ikitumika. Arobaini humalizika siku mbili tu kabla ya chanjo ya wiki ya 6. Mama anatoka nyumbani kwa mara ya kwanza akiwa na mtoto na kadi ya kliniki mkononi, na wazee wameridhia safari. Siku hiyo ndiyo ya kipimo cha masikio. Majimaji yamekauka, mtoto amenenepa, na atakayetiliwa shaka ana tarehe nyingine iliyokwisha pangwa na Wizara ya Afya, chanjo ya wiki ya 10, bila kuongezewa hata safari moja. Kufika wiki ya 14, ambayo pia ina chanjo yake, anayehitaji uchunguzi wa bingwa anajulikana kwa jina. Tumeukosa mwezi wa kwanza, ni kweli, na ule wa tatu tunaukaribia kwa kuchelewa kidogo, lakini wa sita unabaki mikononi mwetu. Mjini Lagos, Bolajoko Olusanya na wenzake walipima watoto kwenye kliniki za chanjo ya kifua kikuu kwa sababu kama hiyo, kwamba wengi hawazaliwi hospitali lakini karibu wote huja kuchanjwa.

Watoto waliolazwa katika wodi ya watoto wachanga wawekwe kando ya mpango huo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, aliyekosa pumzi, aliyepata manjano ya kuhitaji mwanga au kubadilishwa damu, au aliyetibiwa maambukizi makali, yumo katika hatari kubwa kuliko wenzake, na kwake yeye kipimo kifanywe kabla ya kuruhusiwa, awe hospitali ya Abdalla Mzee, ya Chake Chake au ya Wete. Tena aina ya kipimo ina maana. Kipo kipimo cha haraka kinachosikiliza mwangwi unaotoka ndani ya sikio lenyewe, na kipo kinachonasa mawimbi ya mshipa wa kusikia kwa vinasio vinavyobandikwa kichwani. Manjano kali huweza kuliacha sikio la ndani likiwa zima na kuuharibu mshipa, hivyo mtoto wa namna hiyo atapita kipimo cha mwangwi na kurudi nyumbani akiwa hasikii. Fedha zikitosha mashine moja tu yenye uwezo wa kunasa mawimbi, basi iwekwe walipo watoto hawa.

Nije kwenye kiini cha ushauri wangu, yaani ushirikiano, neno ambalo limechakaa kwa kutumiwa kwenye mabango ya semina. Ushirikiano wa watu wasio na msimamizi ni hatari kuliko kutoshirikiana, maana kila mmoja anaamini mwenzake amelishika jambo. Wahenga wa pwani walikwisha sema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Muuguzi wa kliniki anaandika rufaa akidhani hospitali itampigia mama simu. Hospitali inangoja mama aje. Mama anangoja aitwe. Mhudumu wa kujitolea wa shehia hajaambiwa kitu. Skuli itamjua mtoto akifika umri wa kuanza masomo, akiwa hana lugha yoyote, ya mdomo wala ya mikono. Hakuna mkosaji katika mlolongo huo, na ndiyo maana haurekebishiki kwa kulaumiana. Unarekebishika kwa kumteua mtu mmoja wa kisiwa kizima, ambaye kazi yake iliyoandikwa ni kujua kila mtoto aliyetiliwa shaka yuko wapi. Namwita mratibu, ingawa cheo si muhimu. Anaweza kuwa muuguzi wa hospitali ya Chake Chake, mahali panapofikika kwa gari la abiria kutoka Mkoani, Wete na Micheweni. Awe na daftari moja, la karatasi au la kompyuta, lenye jina la mtoto, namba ya kadi ya kliniki, shehia, simu mbili, tarehe iliyopita na tarehe ijayo. Kila wiki alifungue na kuuliza swali moja tu: nani tarehe yake imepita na hajafika? Kwa huyo apige simu. Simu isipopokewa, apige ya pili. Ya pili isipopokewa, ampigie mhudumu wa shehia aende nyumbani.

Kuhusu simu ya pili nitasema kidogo zaidi, kwa sababu hapa ndipo ujuzi wa mwenyeji unapozidi mwongozo wowote ulioandikwa mbali. Simu ya nyumba nyingi ni ya baba, na baba wa Kojani anaweza kuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, wiki kadhaa, hewani hapatikani. Msimu wa karafuu ukifika, familia zinahamia mashamba, na nyumba ya mjini inabaki na kufuli. Mama naye akikaribia kujifungua huweza kurudi kwa wazazi wake, akajifungulia shehia nyingine na kukaa huko hadi arobaini iishe, halafu arudi kwa mumewe. Ukiandika anuani moja, umeandika nusu ya ukweli. Basi muuguzi aulize: utakuwa kwa nani mtoto akitimiza wiki 6? Nani nyumbani ambaye simu yake haizimwi? Mara nyingi jibu litakuwa bibi mzaa mama, au shangazi mwenye duka. Namba ya shangazi mwenye duka ina thamani kuliko fomu tatu za rufaa.

Wahudumu wa afya wa kujitolea hawahitaji kubuniwa, wapo. Mpango wa Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa shehia zote za Unguja na Pemba simu zenye programu ya kuwaongoza wanapotembelea wajawazito na watoto wadogo. Ombi langu kwa wanaousimamia ni dogo: swali moja kuhusu kipimo cha masikio na alama moja ya tahadhari inayobaki kwenye simu ya mhudumu hadi mratibu aiondoe. Alama isiyoweza kufutwa na mtu yeyote ila yule aliyethibitisha kuwa mtoto ameonwa hufanya kazi ambayo semina kumi haziifanyi. Na sheha asifanywe polisi wa kuwasaka akina mama. Kazi yake ni kujua nani amehamia na nani amehama, jambo ambalo tayari anapaswa kulijua.

Hapa atainuka msomaji mwenye hoja nzito kuliko zote: kuna faida gani ya kumgundua mtoto kisha tusiwe na cha kumpa? Bingwa wa masikio yuko ng'ambo ya bahari, shimesikio ni ghali, na upandikizaji wa kifaa ndani ya sikio, ulioanza Muhimbili mwaka 2017, ni ndoto kwa familia ya mvuvi. Hoja hii nina heshima nayo, kwa kuwa ni ukatili kumwambia mzazi habari mbaya na kumwacha nayo mlangoni. Lakini inasahau mambo mawili. La kwanza ni hesabu. Tuchukue, kwa mfano tu, kuwa Pemba inazaa watoto 15,000 kwa mwaka. Kwa kiwango cha 1 hadi 3 kwa 1,000, wenye uziwi wa kudumu ni 15 hadi 45. Tukiongeza maradufu kwa sababu ya hali zetu, ni 30 hadi 90. Kisiwa kilichofuata watoto 36,000 hakiwezi kushindwa na 90. Ni kweli kwamba tafiti zile zilikuwa na fedha za wafadhili, magari na mishahara, na huduma ya kila siku haina. Lakini kwa idadi ndogo kiasi hiki, mratibu mmoja anaweza kuwajua wote kwa majina na nyuso. Na ukiwa na orodha ya watoto 40 wanaongoja, unaweza kumwita bingwa wa Mnazi Mmoja au Muhimbili aje Chake Chake mara moja kila miezi mitatu, badala ya akina mama 40 kupanda boti Mkoani na watoto wachanga, kulala kwa jamaa Unguja, na kuambiwa warudi wiki ijayo. Bila orodha bingwa huyo hana sababu ya kuja. Orodha inakuja kwanza, daktari anaifuata.

Jambo la pili lililosahaulika ni lugha. Shimesikio inaweza kuchelewa. Lugha ya alama haina bei ya kununulia wala betri. Chama cha Viziwi Zanzibar, CHAVIZA, kinaundwa na watu wazima waliokwisha pita njia hii, nao ndio hazina ambayo idara za afya huikumbuka mwisho. Mzazi anayesikia, aliyepata mtoto kiziwi, mara nyingi hajawahi kukaa na kiziwi mtu mzima mwenye kazi, familia na maneno yake. Akimwona mmoja sebuleni kwake, hofu yake inabadilika umbo. Ningependa kila familia iliyothibitishiwa tatizo itembelewe ndani ya wiki chache na mtu kiziwi pamoja na mkalimani, na wanaomwendea mtoto nao walipwe nauli na muda wao, maana kujitolea kusikokoma huishia kwenye kukata tamaa. Kitengo cha Elimu Mjumuisho cha Wizara ya Elimu nacho kipewe jina la mtoto mapema, kwa idhini ya wazazi, ili mwalimu ajiandae miaka mitano kabla badala ya kushtukizwa siku ya kuandikisha.

Wapo watakaosema mtoto akizoea ishara atakuwa mvivu wa kusema. Rudi kwenye ushahidi wa Colorado: aliyewahiwa alikuwa mbele kwa njia zote mbili. Kinachomdhoofisha mtoto ni miaka ya kukaa bila lugha yoyote akisubiri kifaa. Anayepata shimesikio mapema na aitumie kwa bidii, mchana kutwa. Familia yake ijue kwamba kile kipande laini kinachofinyangwa kwa umbo la sikio kitambana au kumlegea ndani ya miezi michache kwa kuwa sikio lake linakua, kwamba jasho na hewa yetu ya chumvi huharibu kifaa kisipofutwa na kuhifadhiwa pakavu usiku, na kwamba betri hazipatikani kila duka. Mpango unaogawa vifaa siku ya sherehe na kupiga picha, bila kusema nani atatengeneza kipande kipya na betri zitanunuliwa wapi, umegawa mapambo.

Hoja ya wauguzi ni tofauti, nayo inasemwa kwa sauti ya chini: tumechoka. Kliniki ya chanjo asubuhi ina foleni hadi uani, muuguzi anapima uzito, anachanja, anajaza rejista, na sasa aongezewe masikio. Siwezi kuwaambia kwamba haichukui muda. Kipimo cha mwangwi kwa mtoto aliyelala ni dakika chache, kwa mtoto anayelia hakifanyiki kabisa. Kwa hiyo kisiachiwe muuguzi anayechanja. Afunzwe mhudumu mwingine, kipimo kifanywe kabla ya sindano, kwenye chumba kilicho mbali na kelele za foleni, mtoto akiwa amenyonya na kusinzia. Hata usumbufu wa kurudia si mkubwa kama unavyoogopwa. Tukiendelea na mfano wetu, akitiliwa shaka mmoja katika kila kumi, ni watoto 1,500 kwa mwaka, sawa na kama 30 kwa wiki kisiwa kizima, saba au wanane kwa kila wilaya. Na kazi hii isianze wilaya zote nne kwa pamoja. Ianze kwenye vituo vichache vya wilaya moja, kwa miezi sita, huku ikihesabiwa jambo moja bila huruma: kati ya waliotiliwa shaka, wangapi walirudi? Ikiwa ni nusu tu, isinunuliwe mashine ya pili mpaka sababu ijulikane.

Maneno ya kumwambia mama yana uzito wake. Ukimwambia “mtoto hasikii” baada ya kipimo cha kwanza, umempa msiba ambao pengine haupo. Ukimwambia “si kitu, watoto wengi huwa hivyo”, umempa ruhusa ya kutorudi, na hili la pili ndilo linalosemwa zaidi kwa sababu ni la upole. Njia ya kati ni kusema hivi: “Leo kipimo hakikutupa jibu la kuridhisha. Huenda ni majimaji, huenda ni jambo linalohitaji kuangaliwa. Tutarudia siku ya chanjo ijayo, tarehe hii hapa nimeiandika kwenye kadi yako, na ni muhimu uje nayo.” Aseme hayo mbele ya aliyemsindikiza mama, hasa akiwa ni mama mkwe au bibi, kwa kuwa uamuzi wa kurudi hautafanyika kliniki. Utafanyika nyumbani, na atakayeuliza “kurudi kufanya nini?” ni yule ambaye hakusikia maelezo.

Na nyumbani kuna maelezo mengine yanayoshindana na ya muuguzi. Baba yake naye alichelewa kusema. Ana ulimi mzito. Amepatwa na kitu, azinguliwe kwanza. Sioni busara ya kuyapiga vita yote. Familia inayotaka kumsomea mtoto dua au kumnywesha kombe haijakataa hospitali. Imekataa kuambiwa ichague moja. Mwalimu wa chuo cha Kurani anayeheshimika mtaani, akielezwa vizuri, anaweza kuwa yeye anayesema: mmeshamsomea, sasa mpelekeni kipimo. La kulipinga waziwazi ni lawama kwa mama. Uziwi unaorithiwa mara nyingi hutoka kwa wazazi wote wawili kwa usawa, kila mmoja akiwa mzima na amebeba nakala moja ya chembe ya urithi asiyoijua. Ndoa za jamaa wa karibu, ambazo pwani yetu inazipenda, huongeza uwezekano wa nakala mbili kukutana. Hilo lisemwe kwa utulivu, kama taarifa kwa wanaopanga mtoto mwingine, lisigeuzwe kesi ya talaka.

Mzazi usiyefikiwa bado na kipimo chochote, usiridhike kwa kupiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Anageuka kwa kivuli chako, kwa upepo wa mikono au kwa mtikisiko wa sakafu. Wala sauti za miezi ya mwanzo zisikudanganye, mtoto kiziwi naye hutoa sauti, halafu hupungua wakati wenzake wanazidi. Asiyeshtuka kwa kishindo akiwa na miezi 3, asiyeitafuta sauti ya mama kwa macho akiwa na miezi 6, asiyeitika jina lake akikaribia mwaka, apelekwe, na aliyempeleka asikubali jibu la “ngoja akue” bila kupewa tarehe. Mtoto akilazwa kwa maambukizi, usikatae jentamaisini kwa kuogopa masikio. Dawa hiyo inaokoa maisha. Uliza tu, siku ya kuruhusiwa, lini atapimwa usikivu. Na aliyepita kipimo cha wiki ya 6 hajapewa cheti cha maisha yote, kwa sababu homa ya uti wa mgongo, surua na baadhi ya maambukizi aliyoyapata tumboni mwa mama huja kuondoa usikivu baadaye. Chanjo ya surua na rubela, iliyoingizwa nchini mwaka 2014, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Siku hizo mbili muuguzi amuulize mama mtoto anaitikiaje akiitwa kutoka chumba kingine, na anasema maneno gani, kisha jibu aliandike kwenye kadi hiyohiyo, chini ya tarehe ya chanjo.